Huyo "mpinzani wake" ana jina, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalinunua kituoni pale Makumbusho asubuhi kabla sijaenda kufungua kazi, na kama watu wengi wa mji huu naanza kulisoma kwa nyuma, michezo kwanza mengine baadae. Najua kurasa zile wenyewe ni Simba na Yanga na wala sina ugomvi na hilo, maana hata mi siku nikikosa habari za Yanga naona kama chai haijakolea. Nina kitu kidogo tu, nimekaa nacho wiki ya pili sasa nikasema hapana, hiki niwaandikie.

Mlitoa kahabari ka tenisi kule chini kwenye kona, urefu wa vidole vinne hivi. Mtoto wa kike wa Kimarekani, miaka 14, katwaa ubingwa wa mashindano ya watoto baada ya "kumchapa mpinzani wake bila huruma". Juu yake kichwa cha habari: Serena mpya huyooo, yaani Serena Williams. Basi, imeisha. Huyo mpinzani hana jina, hana nchi, kafungwa ngapi hatujui, seti zilikuwa mbili au tatu hatujui, walichezea udongo au sakafu ngumu ndo kabisaa.

Labda mtasema we nani hadi hayo yakuume. Mi nafunga nyuzi za raketi hapa Kijitonyama, kazi niliyoianzia kwenye kuokota mipira kwenye klabu moja ya hapa mjini ambayo siitaji, enzi hizo sisi waokota mipira tulikuwa tunaruhusiwa kushika raketi wenye klabu wakishaondoka tu, na siku nyingine hata wakishaondoka mlinzi anatufukuza kama mbuzi. Jioni nafundisha madogo kama kumi na kitu hivi, bure, kwa mipira iliyokwisha manyoya. Na gazeti lenu ndo kitabu chetu, maana si kila mzazi ana bando la kumwachia mtoto aangalie tenisi ya Paris.

Sasa siku ile dogo mmoja wa miaka 12 akaisoma habari yenu kwa sauti, wenzake wamekaa chini wanasikiliza, alipofika mwisho akanitazama. "Kocha, huyo mpinzani alipigwa ngapi?" Nikageuza ukurasa kama vile namba zitakuwa upande wa pili, nikakuta tangazo la viwanja, na sio vya tenisi, vya Kigamboni, vimepimwa.

Huyu dogo mumwelewe. Jumapili yake alikuwa kwenye bonanza la watoto akala mayai mawili, 6-0 6-0, mechi haijafika hata dakika 40, alafu kesho yake akaja na raketi akaniambia kocha kata nyuzi zote funga nyingine, hizi ndo mbaya. Nyuzi zilikuwa nzima kabisa, nilizifunga mwenyewe kwa mkazo wa paundi 50, nazijua. Kwahiyo akiuliza mpinzani alipigwa ngapi anamtafuta mwenzake, hana haja na bingwa.

Nikaingia ndani nikatoa daftari langu. Ninalo daftari la kaunta buku naandikaga matokeo ya watoto wa Kimarekani, miaka mingi sasa, mke wangu ananicheka eti wenzako wanaandika madeni. Nikamfungulia ukurasa wa Septemba 2017, US Open, ile ya New York, ya wasichana, fainali. Amanda Anisimova kashinda 6-0 6-2. Mngeandika nyie mngesema Anisimova amchapa mpinzani wake bila huruma, na kweli hakukuwa na huruma pale, ila mpinzani mwenyewe alikuwa na miaka 13 na jina lake Coco Gauff.

Dogo akanyamaza. Coco anamjua, kila mtu anamjua.

Nikamwambia usifunge daftari, endelea. Juni 2018, miezi tisa baadae, French Open, ile ya Paris, ya wasichana, Coco ana miaka 14, fainali na Mmarekani mwenzie Caty McNally: 1-6, 6-3, 7-6. Nikaruka mbele mpaka 2023, US Open ya wakubwa, fainali na Aryna Sabalenka wa Belarus: 2-6, 6-3, 6-2. Nikaruka tena 2025, Paris, Sabalenka huyohuyo: 6-7, 6-2, 6-4. Dogo anasogeza kidole mstari kwa mstari, midomo inacheza, alafu akasema kitu ambacho mi mwenye daftari nilikuwa sijakiona. "Kocha, huyu dada seti ya kwanza huwa anagawa?"

Mhariri nakwambia nilicheka mpaka wapita njia wakageuka. Ila ni kweli tupu, mataji matatu makubwa ya mmoja mmoja, la utotoni na mawili ya ukubwani, na yote seti ya kwanza kapoteza. Hayo yasingeonekana kwenye neno "ashinda". Mtoto kayaona kwenye namba, na namba zile mstari mmoja tu wa gazeti zinaenea.

Na huyo Anisimova nae hadithi yake iko kwenye namba hizohizo. Julai 2025 kafika fainali ya Wimbledon akakutana na Iga Swiatek wa Poland, akapigwa 6-0 6-0, dakika 57, mbele ya dunia nzima. Mayai mawili, sawasawa na dogo wangu. Haikufika miezi miwili, Septemba kule New York robo fainali wakakutana tena wawili haohao, akamfunga Swiatek 6-4 6-3 na akaenda mpaka fainali, ambayo alifungwa na Sabalenka. Nilivyomsomea hiyo dogo akaniomba raketi yake. Nyuzi zilezile.

Upande wa pili nao upo, na hapo ndo nagombana na hiyo "Serena mpya" yenu. Huo mwaka 2017 wasichana wa Marekani walitisha, fainali tatu kubwa za watoto, Paris, Wimbledon na New York, zote Mmarekani kwa Mmarekani. Paris Whitney Osuigwe alimfunga Claire Liu, Wimbledon Claire Liu akamfunga Ann Li, New York ndo hiyo ya Anisimova. Osuigwe baba yake ni Mnigeria, kocha, na mwaka ule binti alimaliza akiwa namba moja wa dunia kwa watoto. Namba moja! Lakini kwa wakubwa hajafika hata robo fainali moja ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya Australia, Paris, Wimbledon na New York, na aliyekuja kuchukua mataji ni yule wa miaka 13 aliyefungwa New York. Kwa wavulana ndo usiseme, Wimbledon 2014 fainali ilikuwa Noah Rubin na Stefan Kozlov, Wamarekani watupu, wote wawili mia bora ya dunia wakaishia kuichungulia. 2021 tena Wamarekani wawili, Samir Banerjee akamfunga Victor Lilov, alafu Banerjee akaenda zake kusoma Stanford, na mi kama mzazi siwezi kusema kakosea. Alafu mwaka 2015 ukageuka kinyume chake, Tommy Paul akamfunga Taylor Fritz Paris, Fritz akamfunga Paul New York, na hao wote leo mnawaona, Fritz mpaka fainali ya US Open 2024.

Kwahiyo matokeo ya mtoto sio utabiri, ni matokeo. Na Serena mwenyewe mnaemtaja hakupitia huko, baba yao aliwatoa yeye na dada yake Venus kwenye mashindano ya watoto wangali wadogo, akawafungia mazoezini. Unamlinganishaje bingwa wa watoto na mtu ambae ubingwa wa watoto aliupita pembeni?

Mwaka 2025 pia mngeweza kutupa utamu mkubwa mkatunyima. Wamarekani wanne waliingia fainali za mmoja mmoja za watoto kwenye Grand Slam na wote wanne wakafungwa. Australia kule Melbourne, Benjamin Willwerth kafungwa na Henry Bernet wa Uswisi, na Kristina Penickova kafungwa na Mjapani Wakana Sonobe, 6-0 6-1. Wimbledon, Ronit Karki kafungwa na Ivan Ivanov wa Bulgaria, Julieta Pareja kafungwa na Mia Pohankova wa Slovakia. Mi hayo majina nayaweka akiba. Nawawekea kama nilivyomweka Learner Tien, jina lake kweli hilo, Learner, kwa sababu mama yake ni mwalimu. Dogo yule 2023 alipoteza fainali mbili za watoto, Melbourne na New York, mtu mwingine angemfuta. Januari 2025 Melbourne hiyohiyo, kwa wakubwa sasa, kamtoa Mrusi Daniil Medvedev seti tano, wamemaliza saa tisa kasoro usiku kwa saa za kule.

Mtaniambia nafasi hakuna. Nafasi ipo. Ile "bila huruma" ni maneno mawili, toeni hayo muweke 6-3 6-4. "Mpinzani wake" toeni muweke jina. Hamjaongeza hata mstari. Na mkipata mstari wa ziada mtuambie mashindano ni ya daraja gani, maana kuna J30 mpaka J500 kabla hujafika Grand Slam, na bingwa wa J30 anapata pointi 30 wakati wa J500 anapata 500, huwezi kuwaita wote "bingwa wa dunia wa watoto" kama mlivyowahi kufanya, hiyo nimeikata gazeti nimeibandika ukutani na wateja wanaisoma wakisubiri.

Kuna moja niwape inayotuhusu sisi huku. Mmarekani Frances Tiafoe, wazazi wake wametoka Sierra Leone, baba yake alikuwa kwenye kikosi cha kujenga kituo cha tenisi College Park, Maryland, kilipoisha wakamwajiri kuwa mtunzaji wa jengo na watoto wake mapacha, Frances na mwenzie, wakawa wanalala nae humohumo kwenye chumba cha ofisi. Desemba 2013 Frances akiwa na miaka 15 alishinda Orange Bowl, mashindano ya watoto kule Florida, akiwa mvulana mdogo kuliko wote waliowahi kuichukua ile ya miaka 18. Mtoto wa mtunza jengo. Nikiisoma hiyo namkumbuka yule mlinzi wetu na fimbo yake, basi naweka gazeti chini nafunga nyuzi za watu.

Ya mwisho iko hapohapo jirani. Julai 2022, Wimbledon, wasichana wawili wawili, Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakachukua ubingwa. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, na kazaliwa 2004, mwaka mmoja na Coco. Magazeti ya huku kwetu niliyoyaona mimi yalisema waliwafunga "Wakanada wawili". Wawili gani? Kayla Cross na Victoria Mboko, 3-6, 6-4, na ile taibreki ya mwisho inayochezwa badala ya seti ya tatu, 11-9, pointi mbili tu. Sasa huyo Mboko, wazazi wake Wakongo, mwenyewe kazaliwa Marekani kule North Carolina, Agosti 2025 kashinda mashindano makubwa ya Montreal, njiani kamtoa Coco Gauff 6-1 6-4 na fainali kamfunga Naomi Osaka. Kumbe mtoto wa Nairobi alishamfunga mtu wa namna hiyo na sisi tuliandikiwa Mkanada.

Madogo wangu nilipowaambia hiyo mmoja akaruka juu kabisa, "kocha kwahiyo Mkenya kampiga aliyempiga Coco!" Hesabu ya tenisi haiendi hivyo, nikamwambia, tena ile ilikuwa wawili wawili. Akasema haidhuru, iandike.

Jumapili hii kuna bonanza lingine la watoto hapahapa mjini, na dogo wangu yumo, droo imemkutanisha na yuleyule aliyemlisha mayai mawili. Jumatatu asubuhi nitapita ofisini kwenu na matokeo yote, nimeyaandika kwa mkono, waliofungwa wakiwa na majina yao kamili na seti zao. Nisipokuta mtu nitamwachia mlinzi getini.

Ni mimi,
Fundi raketi, Kijitonyama, Dar es Salaam