Taarifa za mtaa nazo ziwekwe mtandaoni

Mhariri naomba nafasi kidogo. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka inawekwa kwenye tovuti ya ofisi yake, mtu yupo zake Ngamiani hapa Tanga anaipakua kwenye simu anasoma, sasa kwa nini taarifa za mapato na matumizi za huku mtaani bado tunabandikiwa karatasi ukutani, wino umepauka kwa jua na kona imeshachanika? Rimu kwa rimu zinaishia kwenye fotokopi za makabrasha ambayo wengi wala hawayafungui, inauma kwa kweli. Ila wekeni PDF nyepesi jamani, siyo picha za skana zinakula bando halafu kutafuta hata neno moja huwezi. Wazee wasio na simu kubwa waachiwe nakala moja pale ofisi ya mtaa.

Msomaji wenu, Tanga