Yah: Folda zetu mlizozifunga Jumatatu asubuhi, na maneno ya fundi wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Mimi ndo msimamizi wa sava wa ofisi yetu hapa Dodoma, mkataba wa nyie kuhamisha folda zetu za pamoja za barua pepe kutoka sava ya zamani ya Exchange 2016 (programu ya barua pepe ya Microsoft) kwenda mfumo mpya mnao, hivyo sirudii. Naomba vitu viwili tu, mturudishie vilivyopotea kwenye folda za pamoja na fundi wenu aniombe radhi kwa maandishi. Naandika kwa heshima ila mjue nimeumia.

Jumatatu saa tatu asubuhi, msimu wa zabibu, wakulima wa Hombolo na Mpunguzi wamejaa getini wanasubiri hela zao, fundi wenu huko aliko akapiga komandi ya Set-OrganizationConfig yenye PublicFolderMailboxesLockedForNewConnections na ofisi nzima ikatolewa kwenye folda. Kazi ya hiyo komandi mnaijua, inafunga folda ili mabaki yahame bila mtu kuandika kitu, ndo maana inapigwa usiku au wikiendi na watu wameshatangaziwa. Mkataba unasema Jumamosi usiku. Jumatatu mliitoa wapi?

Nikapiga simu, bosi akasema weka spika. Nikamuuliza fundi kwa upole kabisa, kabla ya kufunga ulitoa nakala ya ruhusa za folda? Akanijibu, "Dada, hizi ni komandi, siyo Excel, tupatie kijana wa IT tuongee naye." Kijana wa IT! Hiyo sava nimeisimika mimi, nimeilea mimi.

Na jibu la swali langu lilikuwa hapana, hakutoa. Komandi ya kuorodhesha ruhusa, Get-PublicFolderClientPermission, ukaielekeza kwenye faili ni mstari mmoja tu jamani, na hata mwongozo wa Microsoft unasema ufanye hivyo kabla. Kesho yake watu wakalalamika hawaoni folda zao, na yeye badala ya kutafuta tatizo akampa Default haki ya Owner, yaani umiliki kamili, kuanzia folda ya juu kabisa. Default ni kila mtu mwenye akaunti ambaye hana ruhusa yake maalumu kwenye folda. Yaani mtu wa stoo anafungua folda ya mishahara, dereva anaona akaunti za benki za wakulima, na yeyote anaweza kufuta. Nimezirudisha ruhusa mwenyewe usiku, folda moja moja, kwa kukumbuka nani alikuwa na nini.

Afu vitu vilivyopotea. Nimesoma ripoti ya maombi ya uhamisho, BadItemLimit aliiweka 1000. Hiyo namba inaiambia sava ivumilie vitu vibovu hadi hapo, iviruke iendelee, na kilichorukwa hakifiki upande wa pili. Hakuniuliza, wala hakunipa orodha ya vilivyorukwa mpaka nikaitoa mwenyewe. Humo kuna mikataba ya wakulima na picha za stakabadhi za mizani. Na zile folda zenye anwani za barua pepe hakuzisawazisha upande mpya, ile skripti ya kuzitambulisha huko, Sync-ModernMailPublicFolders, haikupigwa, kwa hiyo wateja wa Dar wakituma oda zinawarudia na wanadhani tumefunga biashara.

Msinijibu kwamba mlikuwa na haraka sababu sapoti ya Exchange 2016 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo ndo lilitufanya tuwalipe, haliwaruhusu kuruka hatua.

Narudia ile simu maana nahisi hamjaelewa uzito wake. Simu ipo spika, mezani yupo bosi, mhasibu, watu wa manunuzi na vijana wa field niliowafundisha kompyuta mwenyewe. Nimeuliza swali la kazi. Fundi wenu akacheka kwanza, mkacheka wawili huko maana nilisikia sauti nyingine, ndo akasema "Dada, hizi ni komandi, siyo Excel." Nikamwambia msimamizi wa sava ni mimi. Akasema, "Sawa dada, lakini mpe mwanaume yeyote hapo simu, tunachelewa." Mpe mwanaume yeyote. Mhasibu akainamisha kichwa, bosi akaniangalia, na mimi nikajibu kwa adabu kwa sababu folda zilikuwa mikononi mwenu. Kama mnarekodi simu zenu kama mnavyosema, isikilizeni.

Kwa hiyo ile radhi nataka isainiwe na nyie uongozi, siyo yeye tu. Vilivyorukwa virudishwe kutoka sava ya zamani, na mtu wenu asiiguse wala asifute kisanduku chochote cha barua kule mpaka nihakiki idadi ya vitu pande zote mbili. Awamu ya pili ya malipo hatulipi, na ya kwanza mrudishe nusu. Nikiandika haya naona hata nusu ni kidogo, mrudishe yote.

Mkikaa kimya hadi Ijumaa, suala la akaunti za wakulima nalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sheria ya 2022 ipo na inawahusu na nyie mnaochakata taarifa za wengine. Ripoti za uhamisho, picha za skrini na ile komandi ya Default yenye jina la akaunti ya fundi wenu ninazo zote. Na mkataba tutauvunja.

Msimamizi wa Mifumo, Dodoma

Nakala: Mkurugenzi wetu, Mwanasheria wetu