Barua ya wazi kwa vijana wanaochangia uchimbaji wa hazina

Wanangu,

Assalaam alaikum. Nimepata habari kwamba mnachanga fedha za kukodi pampu ili mkachimbe kile kisiwa kinachosemwa kuwa na dhahabu ya maharamia, na kwa kuwa baadhi yenu mlinijia kuomba dua wala si ushauri, nimeona niwaandikie wote hadharani.

Someni habari za Bel Ombre, katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli. Mwaka 1721 haramia Olivier Levasseur na mwenzake John Taylor waliteka huko Bourbon, ambayo leo ni Réunion, merikebu ya Wareno yenye hazina, iliyotoka Goa na kuharibiwa na dhoruba. Levasseur alinyongwa huko huko Bourbon mwaka 1730, na husimuliwa kwamba akiwa chini ya kitanzi aliutupia umati karatasi ya mafumbo ya kuonyesha alikoificha hazina. Kisa hicho sikiamini, maana mtu wa kunyongwa hupekuliwa kwanza, lakini kimewachimbisha wengi.

Mwaka 1923 bibi mmoja wa ukoo wa Savy aliona, maji yalipokupwa, michoro iliyochongwa kwenye miamba ya ufukweni hapo Bel Ombre, ikadhaniwa kuwa alama za hazina hiyo. Mwaka 1949 akaja Reginald Cruise-Wilkins, Mwingereza aliyetoka hapa kwetu Kenya, naye akashikilia kwamba alama zile zinafuata kazi 12 za Herkule, shujaa wa hekaya za Kiyunani. Alichimba, akajenga ukuta wa kuizuia bahari, akavuta maji kwa pampu, na maji yakarudi. Aliendelea kwa miaka 28, hadi alipofariki mwaka 1977, na mwanawe John akalirithi shimo.

Mtu huyo hakuwa mjinga wala mvivu. Kilichomponza ni kwamba hapakuwa na jambo lolote ambalo lingemwonyesha kuwa amekosea: akikuta jiwe lenye mchongo, hiyo ni alama; asipokuta kitu, basi hajafika kina.

Kwa hiyo, kabla hamjatia jembe, andikeni ni jambo gani likitokea, au lisipotokea, mtaacha. Andikeni idadi ya siku na kiasi cha fedha, na msiguse akiba ya kikundi cha mama zenu. Ijumaa nilipita kwenye shimo lenu la majaribio: maji ya bamvua yamelijaza hadi ukingoni, na kaa wameshahamia. Karatasi hiyo ikabidhini kwa mtu asiye na hisa. Nileteeni mimi, kwani hisa sitanunua.

Mzee wenu