Barua kwa fundi: sanamu zilizovuliwa rangi

Bonn, Jumapili jioni

Kaka Fundi,

Salamu nyingi kutoka huku. Habari za nyumbani, na mama goti lake linaendeleaje? Mwambie dawa nitamtumia na mtu anayekuja mwisho wa mwezi. Sisi wazima, baridi tu ndiyo haijatuachia.

Nimeisoma barua yako kuhusu yule mteja aliyetaka umpakie rangi sanamu ya mpingo. Ulimkatalia, ukaniandikia kwamba rangi ni ya kufichia mbao mbovu na kwamba fundi wa kweli haihitaji. Kwa mpingo sibishani nawe hata kidogo. Lakini ukasema pia kwamba hata Wazungu wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana sanamu za mbao ulizoziona vitabuni ziko tupu, rangi ya mti mtupu. Hapo naomba nikubishie kwa kirefu, maana jambo hili nimelibeba rohoni tangu nianze kuzitembelea sanamu zenyewe.

Nyingi kati ya hizo ziko tupu kwa sababu zilivuliwa.

Hapa Bonn, kwenye jumba la makumbusho, ipo sanamu ya karne ya 14 wanayoiita Pietà ya Röttgen. Urefu wake haufiki mita moja. Bikira Maria amekaa, amempakata mwanawe aliyekufa: mwili mkavu, mbavu zinahesabika, kichwa kimeangukia nyuma. Damu kwenye majeraha haikuchorwa tu juu ya ngozi. Imetokeza, matone yameshikana kama kishada cha zabibu, ndipo ikapakwa wekundu. Sehemu kubwa ya rangi imechakaa, lakini iliyobaki inatosha kukuonyesha nia ya walioitengeneza. Jicho lako la fundi lingekwenda kwanza kwenye mikunjo ya nguo, nakujua. Mimi nilibaki kwenye yale majeraha, nikaona kwamba patasi na brashi zilikuwa zinasema sentensi moja.

Sasa nikueleze walivyofanya kazi, utapenda. Kusini mwa Ujerumani mti uliopendwa ulikuwa Linde, mbao laini yenye nyuzi ndogo isiyokataa mikato ya pembeni. Kaskazini na Flandria (Ubelgiji ya leo) walichonga zaidi mwaloni. Gogo lililazwa kati ya vishikizo viwili ili fundi aweze kuligeuza, na ndiyo sababu sanamu nyingi zina tundu utosini lililozibwa baadaye. Mgongo walikomba ndani wakauacha wazi, mti usije ukapasuka unapokauka. Sanamu ikaegemezwa ukutani au kwenye altare, yaani kabati la sanamu linalosimama nyuma ya meza ya ibada kanisani, mgongo hakuna anayeuona.

Patasi ikiwekwa chini, kazi ilikuwa nusu. Mpakaji rangi alianza kwa kuinywesha mbao gundi ya moto ya ngozi. Kisha alibandika vipande vya kitani kwenye maungio na kwenye vifundo. Hapo nakupa haki yako, kaka: ndiyo, walificha. Lakini baada ya hapo yalikuja matabaka ya chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi (Waitalia walitumia jasi), moja likikauka linafuata jingine, mpaka mbao yote imevaa ngozi nyeupe. Ngozi hiyo huziba mikato midogo ya patasi, kwa hiyo ilibidi mpakaji rangi aikwangue, ailainishe, na mahali pengine aichonge upya: nywele, kope, ukingo wa kitambaa. Kwenye baadhi ya misalaba ya mateso walibandika nyuzi chini ya chaki ili mishipa ya mikono itutumke. Sasa niambie, huyo utamwita mpakaji rangi tu?

Dhahabu ilikuwa na siku zake. Juu ya chaki waliweka udongo mwekundu laini, wakaulowanisha, wakalaza karatasi za dhahabu nyembamba kiasi kwamba pumzi inazipeperusha. Dhahabu ikishakaa huwa imefifia kabisa. Inang'aa pale inaposuguliwa, na walisugulia jiwe laini au jino la mbwa. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika maelekezo ya kazi hii mnamo mwaka 1400 hivi, anataja meno ya wanyama wote wanaokula nyama. Asiyekuwa na pesa za kulipia dhahabu alipewa madini ya fedha au bati lililopakwa vanishi ya manjano.

Buluu nayo. Ile ya bei ya juu kuliko zote ilitengenezwa kwa lapis lazuli, jiwe la buluu kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, lakini sanamu nyingi zilipata buluu ya azuriti, madini ya shaba. Azuriti ukiisaga sana inapauka, ndiyo maana waliiacha na chembe zake. Ikikauka haing'ai. Weka hiyo ndani ya joho ambalo nje ni dhahabu iliyosuguliwa, halafu washa mishumaa mbele yake. Dhahabu inacheza kila moto unapotikisika, buluu inatulia. Mwanga ule walikuwa wameuwekea hesabu.

Uso walipaka mwisho, kwa rangi ya mafuta, nyeupe ya madini ya risasi iliyotiwa zinjifuri (unga mwekundu) kidogo, mashavu yakiongezewa wekundu ungali mbichi ili usiache mpaka. Maiti ya Kristo ilipewa ngozi nyingine, ya kijivu inayoelekea kijani. Na macho! Mara nyingi mchongaji aliacha jicho likiwa tufe laini bila mboni. Mboni ilikuwa ya mwenye brashi, naye ndiye aliyeamua Maria anamtazama mtoto, au anakutazama wewe uliyepiga magoti. Ukiikwangua rangi hiyo unampofusha.

Hawa hawakuwa watu wa kuokotwa. Melchior Broederlam, mchoraji wa mtawala wa Burgundia, ndiye aliyetia rangi na dhahabu altare mbili za mbao alizochonga Jacques de Baerze kwa ajili ya monasteri ya Champmol, Dijon, Ufaransa. Zilichongwa Dendermonde huko Flandria, zikapelekwa Dijon, kisha zikasafirishwa tena hadi Ypres kwenye karakana ya Broederlam, na ilipofika 1399 ndipo zikarudi zimekamilika. Hebu fikiria mizigo hiyo barabarani kwa ajili ya rangi.

Lakini kisa ninachotaka ukijue hasa ni cha Münnerstadt, mji mdogo wa Ujerumani. Mwaka 1490 walimwagiza Tilman Riemenschneider altare ya Maria Magdalena. Akawachongea kwa mbao ya Linde, akawaletea bila rangi. Hiyo ni miongoni mwa altare kubwa za kwanza tunazojua kuwa zilikusudiwa kubaki na rangi ya mti. Kwa hiyo mwenzako unaye, na ni fundi mkubwa mno. Ila hata kazi zake za namna hiyo hazikuwa tupu kabisa: zilipakwa vanishi yenye rangi kidogo, na midomo na macho yakatiwa rangi.

Watu wa Münnerstadt hawakuridhika. Walikaa na altare yao zaidi ya miaka kumi, kisha wakampata Veit Stoss, yule aliyechonga altare kubwa ya Kraków, Poland. Alikuwa matatani. Huko Nuremberg alighushi hati akijaribu kurudisha fedha alizopoteza, na mwaka 1503 akachomwa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto. Akakimbilia Münnerstadt, na huko akapaka rangi na dhahabu sanamu za mwenzake, akachora na mbawa za altare, yaani milango yake. Riemenschneider alilipwa gulden 145 (sarafu za wakati huo) kwa kuchonga. Stoss alilipwa 220. Waumini wale wa kawaida walilipia rangi zaidi ya walivyolipia mti, na mimi siwaoni wajinga. Walitaka mtakatifu wao aonekane yuko hai.

Na rangi yenyewe ya Stoss iko wapi? Altare ilivunjwa, baadhi ya sanamu zikaishia Munich na Berlin, zikavuliwa rangi. Nyingine nyingi zilikutwa na hayo hayo. Karne ya 18 zilipakwa nyeupe tupu zifanane na marumaru. Karne ya 19 wapenda sanaa wakaamua kwamba uzuri uko kwenye mti, wafanyabiashara wakaziosha kwa magadi makali mpaka chaki ikang'oka. Picha nyingi ulizoziona vitabuni ni za sanamu zilizopita mikononi mwa watu hao. Linaniuma kweli, kwa sababu kilichotupwa hakirudi.

Kuna upande mwingine unaotuhusu sisi. Kwenye altare za Kijerumani za karne ya 15, kati ya wale wafalme watatu wanaokuja kumwona mtoto Yesu, mara nyingi mmoja ni Mwafrika. Weusi wake uliwekwa kwa brashi, kwa hiyo kila mahali magadi yalipopita, Mwafrika naye alikuwa hatarini kufutika. Mtakatifu Mauritius wa kanisa kuu la Magdeburg, sanamu ya miaka ya 1240 hivi, amesalimika: uso wake ni wa Mwafrika kwa umbo na mabaki ya rangi nyeusi bado yapo, ingawa huyo ni wa jiwe.

Siku hizi wahifadhi hawavui tena. Wanachukua chembe ndogo kuliko kichwa cha pini, wanaikata na kuitazama kwa hadubini, na pale matabaka yanajipanga yote: chaki, udongo mwekundu, dhahabu, buluu, kisha vumbi na moshi wa mishumaa, kisha rangi ya watu wa baadaye. Hata sanamu iliyooshwa huacha mabaki kwenye mikunjo ya ndani, nyuma ya sikio, chini ya kidevu. Ukija, huko ndiko utakakoanza kutazama.

Nimekuwekea picha za Pietà humu ndani, za mbele na za karibu. Niandikie unachokiona kwenye mkono wa kushoto wa Maria, maana hapo nataka maoni ya mchongaji. Na yule mteja, ungemwambia nini kama angekuja tena na kipande cha mninga badala ya mpingo?

Wasalimie wote, watoto waambie shangazi anawakumbuka.

Dada yako