Barua ya wazi kwa vijana wanaofundisha mpira vyuoni, Unguja na Pemba

Vijana wangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baadhi yenu mnapopita Wete kunijulia hali huniomba niwasimulie mazoezi ya zama zetu, na kila mara naona mnachokitafuta ni ushahidi kwamba sisi tulifundishwa kwa ukali na ndiyo maana tulikuwa na pumzi. Nimeona bora niandike, ili neno langu liwafikie nyote kwa pamoja wala lisinukuliwe nusu. Ukali wa mwalimu una mahali pake, sikatai. Lakini mwalimu anayekimbiza wachezaji kwa adhabu na kuwanyima maji huwafunga midomo, na kijana aliyefungwa mdomo hatakwambia kuwa anaumwa mpaka aanguke mbele yako.

Mwalimu wetu wa mpira chuoni Unguja, katika miaka ya sabini, alikuwa mtu wa saa. Sala ya alasiri ikishamalizika, aliyekuwa bado anafunga kamba za viatu alihesabiwa amechelewa. Mtungi wa maji uliwekwa chini ya mwembe, kata imelazwa juu ya kifuniko, na ilikuwa marufuku kuusogelea kabla ya filimbi ya mwisho, kwa sababu yeye aliamini kwamba maji yanamtia mchezaji uzito tumboni na unyonge moyoni. Aliyepoteza pasi alizunguka kiwanja, aliyecheka alizunguka, na aliyeinama kushika magoti katikati ya mzunguko aliongezewa mwingine.

Siku moja ya kaskazi, jua likiwa kali na upepo umekatika, winga wetu wa kushoto alianza kupiga pasi pasipo na mtu. Akapokea mpira, akageuka, akaenda nao kuelekea goli letu wenyewe, na uwanja mzima ukacheka. Mwalimu akadhani ni mzaha, akamwamuru azunguke. Kijana hakujibu kitu, akaanza kukimbia akiyumba, na alipofika kwenye kibendera cha kona akalala chini macho yakiwa wazi. Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mpishi wa chuo, aliyeubeba ule mtungi akammwagia wote kichwani na kifuani bila kumwomba mtu ruhusa. Leo kila mwenye elimu ya tiba ya michezo atakwambia kwamba mchezaji anayechanganyikiwa katikati ya joto, akasahau upande wake au akajibu mambo yasiyoeleweka, ana dalili ya hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa huenda joto la ndani ya mwili wake limepanda kupita nyuzi 40 na ubongo umeanza kudhurika. Wakati ule sisi tuliona kichekesho.

Msinielewe vibaya kuhusu mwalimu yule. Alikuwa na huruma nje ya kiwanja, na wapo wenzetu waliocheza kwa viatu vya njumu alivyowanunulia kwa mshahara wake. Alifundisha kama alivyofundishwa, na imani ile ya kuzuia maji haikuwa ya kwetu peke yetu. Kule Marekani, ambako vyuo vikuu hucheza mpira wao wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu, kocha Bear Bryant alikipeleka kikosi cha chuo cha Texas A&M kambini Junction, Texas, mwezi wa Septemba 1954, wakafanya mazoezi kwa siku 10 katika ukame na joto kali, maji yakiwa yamezuiwa. Wachezaji wengi walitoroka usiku, na mmoja aliponea chupuchupu kufa kwa joto. Wanaoisifu kambi ile hupenda kutaja kwamba mwaka 1956 timu hiyo ilimaliza msimu bila ya kufungwa, lakini hawataji kwamba msimu uliofuata kambi yenyewe, wakiwa na ukakamavu wao wote, walishinda mchezo mmoja tu kati ya 10.

Haukupita muda mrefu madaktari wakaichunguza imani hiyo. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida, Robert Cade na wenzake walitengeneza kinywaji cha maji, chumvi na sukari kwa ajili ya wachezaji wa chuo, na ndicho kilichokuja kuuzwa duniani kote kwa jina la Gatorade. Mpira wetu wa miguu nao ulichelewa, lakini umefika: katika Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil waamuzi walisimamisha mchezo ili wachezaji wanywe maji, pale kipimo cha joto kinachojumuisha unyevu wa hewa na ukali wa jua kilipopita nyuzi 32.

Ikiwa elimu imeenea hivyo, kwa nini bado nawaandikia? Kwa sababu elimu peke yake haitoshi. Mei 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, mchezaji wa miaka 19 alizidiwa na joto wakati wa mazoezi ya kukimbia, akafariki mwezi uliofuata, na hali chuo kile kilikuwa na wataalamu wa afya na vifaa ambavyo sisi hatuvioti. Uchunguzi ulionesha kuwa hakutiwa kwenye maji baridi kama ilivyotakiwa. Uchunguzi mwingine, juu ya mwenendo wa timu ile, ulikuta kwamba wachezaji wengi waliogopa kusema. Hili la pili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu vifaa vinanunuliwa, lakini woga mnaupanda nyinyi wenyewe, kila mnapomwita mvivu yule anayesimama.

Mwaka wetu wa mwisho alikuja mwalimu mwingine, na yeye hakuwa mpole hata kidogo. Alipopiga filimbi moja fupi, kila mtu aliganda pale pale alipo, naye akaingia na kijiti chake cha mpera, akachora mstari mchangani kutoka mguuni kwa beki hadi kwenye nafasi iliyokuwa tupu, kisha akauliza: "Nafasi hii nani aliiona?" Kimya kile kilitukera kuliko mizunguko yote ya mwalimu wa kwanza, maana ulitakiwa ufikiri mbele ya wenzako. Aliyekosea alirudia kitendo kile kile mpaka kikakaa sawa. Mbio alizitumia kujenga pumzi, hakuzitumia kulipiza kosa, na mtungi ulihamishwa kutoka chini ya mwembe ukawekwa kwenye mstari wa pembeni. (Alikuwa na ila yake: alipenda mno kusema, na mara nyingine magharibi ilitukuta bado anaeleza.) Kwa mwalimu huyu mchezaji aliweza kusema "Mwalimu, kichwa kinanizunguka" asionekane mwoga, na hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muishike.

Hali ya hewa ya visiwa vyetu inawataka mzingatie zaidi. Jasho humpoza mtu linapokauka, na katika unyevu wetu wa Januari na Februari haliwahi kukauka, linachuruzika tu. Nyasi bandia, kama zile zilizowekwa uwanja wa Gombani hapa Pemba, hushika joto kupita nyasi za kawaida, kwa hiyo msiwaanzishe mazoezi huko saa tisa kwa kuwa tu kiwanja kiko wazi. Wanafunzi wanaporudi likizo, miili yao inahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea tena joto, basi siku hizo ziwe za kazi nyepesi. Ramadhani, mazoezi yafanyike usiku baada ya tarawehe, na asiwepo wa kupima imani ya kijana kwa kumkimbiza na funga yake. Maji yawepo, anywe mwenye kiu kila anapohitaji, wala msiwalazimishe kunywa kupita kiasi, kwani hilo nalo lina madhara yake.

Kila timu iwe na pipa kubwa ambalo mtu anaweza kukaa ndani yake, na barafu mnunue hapo hapo wanaponunua wavuvi. Mchezaji akichanganyikiwa kwa joto, mvueni jezi, mtieni ndani ya maji baridi mpaka shingoni huku mtu mmoja amemshika kwapani asizame, na mpozeni kwanza ndipo mumpeleke hospitali, kwa kuwa nusu saa ya mwanzo ndiyo inayoamua. Pipa likikosekana, mmwagieni maji mfululizo na mumpepee. Teueni mapema nani atamshika, nani atapiga simu na nani ana ufunguo wa gari, na jambo hili mlifanyie mazoezi kama mnavyofanyia kona na penalti.

Wassalamu alaykum,

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba