Watoro wa Jumatatu hawasikii hotuba za Juni 26

Mhariri,

Juni 26 imepita, na sisi walimu tumerudi kwenye chaki. Shuleni kwetu, hapa Tanga, siku hiyo ya kupiga vita dawa za kulevya huja na fulana, maspika na mgeni rasmi. Safari hii mzungumzaji mmoja alieleza kwa ufundi kabisa jinsi unga unavyofungwa kete na unavyovutwa. Nilikuwa nimesimama nyuma, upande wa wavulana. Alipomaliza, nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Kete inauzwaje?"

Mimi ni mwalimu wa malezi, mwaka wa 11 sasa. Ninaowahofia hasa hawakuwepo mstarini siku ile. Wako Deep Sea wanashusha samaki, au wamejikalia maskani. Nawajua kwa daftari la mahudhurio: Jumatatu hayupo, Jumatatu ya pili hayupo, ya tatu anaingia saa nne huku anatafuna ganda la chungwa. Ganda hilo, Mhariri, ni la kuua harufu ya bangi. Machungwa ya Muheza hayatuishii.

Mmoja alikuwa kidato cha pili, miaka 15. Tulimkuta na msokoto ndani ya mkebe wa hesabu, ameulaza vizuri kando ya bikari. Kamati ya nidhamu ikakaa dakika 20, ikamsimamisha masomo siku 21. Na mimi nilinyoosha mkono. Mama yake anauza vitumbua stendi tangu alfajiri, kwa hiyo nyumbani hakukuwa na wa kushinda naye. Siku zote 21 akashinda maskani, ambako hawamsimamishi mtu. Darasani hakurudi tena. Leo ana miaka 20, na asubuhi nikienda kazini namkuta kwenye foleni ya kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu walionaswa na unga. "Shikamoo, mwalimu." Naitikia marahaba huku naangalia chini.

Mtoto akikosea aadhibiwe, sikatai, ila adhabu aitumikie ndani ya uzio wa shule, na mchana akae na mtu wa kuzungumza naye. Sasa akae wapi? Ofisi yangu ya malezi ni stoo ya madawati mabovu. Kila baada ya dakika tano mtu anaingia kutafuta manila, na hakuna mtoto atakayetoa la moyoni hapo. Mlangoni kuna bango la namba ya simu 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ya bure kabisa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 inasema wazi kwamba kuwatisha watoto hakuwakingi. Kinachosaidia ni mazoezi ya mara kwa mara, kama vile namna ya kumkatalia rafiki. Muhula uliopita, pamoja na vipindi vyangu 28 vya wiki, nilijaribu na wanafunzi 12 chini ya mwembe. Tuliigiza. Aliyecheza muuzaji aliicheza nafasi yake vizuri mno: bei, lugha, hata namna ya kuangalia nyuma. Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwomba abaki, tukazungumza hadi adhana ya magharibi.

Kabla hazijanunuliwa fulana za mwaka kesho, naiomba halmashauri iyatoe yale madawati na kunitilia kitasa mlangoni.

Mwalimu wa malezi,
Tanga