Kabla hujampeleka mdogo wako sinema

Mwanangu mpendwa,

Kwa kuwa sasa wewe ndiye utakayempeleka mdogo wako kutazama katuni, jua kwamba midoli ya wahusika wa filamu itakayojaa madukani wiki hiyo haikutengenezwa baada ya filamu kupendwa. Kuchonga umbo, kutengeneza kalibu ya chuma, kupima usalama na kusafirisha kwa meli huchukua mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana studio huuza leseni, yaani ruhusa ya kutengeneza bidhaa zenye sura za wahusika, wakati filamu bado inachorwa. Mwenye kiwanda huilipa studio mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, kwa kila kipande, na mara nyingi huahidi kiwango cha chini hata mali ikidoda. Filamu ya katuni Toy Story ya studio ya Pixar ilipotoka 1995, kampuni kubwa za midoli zilikuwa zimesita; Thinkway Toys ikachukua leseni, na Krismasi ile mdoli wa mhusika wake Buzz Lightyear haukutosha madukani. Cars ya 2006 wakosoaji hawakuipamba kama nyingine za Pixar, lakini bidhaa zake zilitajwa kuingiza karibu dola bilioni 10 kabla ya Cars 2 kutoka 2011.

Ukiwa ndani, tazama mavazi. Binti akibadili gauni mara tatu, hao ni wanasesere watatu wa kuuza. Gari likipakwa rangi mpya, ni gari jingine rafuni. Kile kiumbe kidogo chenye macho makubwa, kisichobadili lolote katika kisa, huwa ndicho rahisi kushonwa kwa manyoya. Si kila vazi ni biashara, lakini. Theluji ikianguka, mtu huvaa koti.

Mdogo wako hayaoni haya. Mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 kwa kawaida hatambui kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi. Quebec, jimbo la Kanada, ilipiga marufuku matangazo kwa walio chini ya miaka 13 tangu 1980. Ila sheria za namna hii hukamata tangazo, filamu yenyewe hupita.

Usimhubirie sinemani, utamharibia raha bure. Akiomba kitu, andika jina la kitu hicho na tarehe, umuulize tena baada ya wiki mbili. Mara nyingi atakuwa ameshahamia kingine. Akiking'ang'ania, mnunulie kisicho na kitufe cha sauti. Mdoli unaorudia sentensi tano za filamu humrudisha kwenye kisa kilekile, ilhali ulio bubu atausemea mwenyewe.

Mzazi wako